Suruali ya Miguu Miwili ya Kushoto

Posti yangu ya kwanza ilipata laiki nne. Moja niliiweka mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya mama, aliyebonyeza kwa bahati mbaya akitafuta pa kupunguza mwanga wa simu. Ya tatu ya shemeji yangu kinyozi. Ya nne ilitoka kwa mtu nisiyemjua anayeuza matairi, ambaye hulaiki kila kitu, hata tangazo la msiba.

Nilikuwa nimeandika hivi: "Habari njema! Darasa letu la ushonaji linakaribisha wanafunzi wapya. Mafunzo bora, mwalimu mwenye uzoefu, mazingira tulivu. Wote mnakaribishwa." Nikapachika maua matatu mwishoni, nikajiona nimemaliza kazi. Mazingira tulivu, jamani! Darasa liko ghorofa ya pili, juu ya karakana ya seremala anayeranda mbao tangu asubuhi, na humo ndani vyerehani sita vinapolia kwa pamoja, ukitaka chaki lazima upige kelele.

Darasa ni la mama. Kafundisha kwenye chumba kile miaka ishirini na sita, na mimi ndiye msaidizi wake. Jumatatu ile kamati ya jengo ilituletea barua: tupate wanafunzi wapya kumi na wawili kabla ya saa nne asubuhi siku ya Ijumaa, la sivyo chumba kinakwenda kwa watu wa mazoezi ya viungo. Mama aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mto wa sindano, akaendelea kupiga pasi. Namjua mama yangu. Akifoka, hakuna neno. Akinyamaza, ujue kaumia. Kichwani nilimwona tayari yuko nyumbani, vyerehani vimepangwa sebuleni vimefunikwa mashuka, na yeye kakaa katikati yake hana wa kumwambia "fumua, rudia". Moyo uliniuma hasa.

Jumanne nikaposti tena, safari hii kwa herufi kubwa tupu. Laiki tatu. Hata wa matairi alinikimbia.

Nikashuka kwa shemeji, kibanda chake kiko mkabala na jengo letu. Kila akiposti kichwa cha mteja, watu wanashea mpaka basi.

"Shemeji, una dawa gani?" nikamuuliza. "Mimi naandika Kiswahili safi kabisa, hakuna anayegusa."

Alikuwa anamnyoa mtu ndevu, hata hakugeuka. "Ndiyo maana. Umeandika kama karani wa mahakama. Wewe barua ya karani ushawahi kumtumia rafiki yako acheke?"

"Mimi sitafuti kuchekesha, natafuta wanafunzi!"

"Sikiliza. Mtu hasambazi habari zako. Anasambaza habari zake mwenyewe, alizozikuta kwako. Mimi nikiweka picha ya upara unaong'aa, mtu anamtumia kaka yake, anamwambia 'umejiona?' Hapo mimi simo. Ni wao wawili."

Nilimjibu kwamba kama elimu yote hiyo anayo, mbona bado ananyoa watu kwenye kibanda. Nina mdomo, sikatai. Mteja akacheka mpaka wembe ukasimama. Nikapanda ngazi nimevimba kwa hasira, nikakaa kwenye stuli, na mbele yangu kulikuwa na ukuta.

Lazima niueleze huo ukuta. Kwenye darasa la mama, nguo ya kwanza utakayoiharibu haitupwi. Inatundikwa, na karatasi inabandikwa chini yake: nani kaharibu, kaharibu nini. Wageni wakija, wewe mwenyewe unasimama unawasimulia. Asiyesimulia hapewi cheti, hata ashone koti la rais. Pale kuna shati lenye mifuko iliyoshonwa ikafungwa pande zote, kuna sketi iliyounganishwa na kitambaa cha meza, na kuna suruali yangu.

Nikaipiga picha suruali yangu. Nikaandika bila kufikiri, nikiwa bado nina hasira na kinyozi: "Hii nilimshonea mjomba wangu. Nilikunja kitambaa vibaya, nikakata mguu wa kushoto mara mbili. Mguu wa kulia haupo. Kesho yake saa mbili alikuwa na usaili wa kazi na hana suruali nyingine, akaivaa hivyohivyo. Anaapa kwamba njia nzima alikuwa anavutwa upande mmoja kama toroli lenye gurudumu bovu. Kazi aliipata. Anasema walimwonea huruma. Na wewe, fundi wako alikufanyia nini?"

Nikaweka simu mezani nikaenda kuteka maji ya pasi. Niliporudi, simu ilikuwa inatembea yenyewe juu ya meza.

Weee! Watu sitini. Nikakaa. Watu mia mbili. Mmoja kaweka picha ya gauni lake la harusi lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mwingine kamtaja fundi wake kwa jina, fundi kajitokeza, wakaanza kutupiana maneno palepale kwenye ukurasa wangu. Mume kamtaja mke, mke kamtaja mama mkwe. Nikapiga kelele mpaka seremala akagonga dari kwa mpini wa nyundo. Jioni posti ilikuwa imesambazwa mara elfu moja na mia nane, na yule wa matairi karudi! Nilicheza katikati ya vyerehani na tepu ya kupimia shingoni, peke yangu, bila muziki.

Jumatano walikuja kujiandikisha watatu.

Watatu! Watu elfu wamecheka, watatu wamekuja. Nikaanza kusoma komenti moja moja na nguvu zikaniisha. "Hiki ni chuo cha kuharibu vitambaa." "Mwanangu nimpeleke huko ajifunze kukata miguu ya kushoto?" Mama alikuwa kasimama nyuma yangu, miwani puani. Kumbe anasoma.

"Futa," akasema.

"Mama, watu wanatujua sasa!"

"Wanatujua kwa lipi? Miaka ishirini na sita nafundisha, leo mji mzima unanicheka kiganjani. Futa."

"Sifuti! Bora hawa wanaocheka kuliko wale wanne!" Nilisema kwa sauti, mbele ya wanafunzi, na nikaongeza neno ambalo nisingelisema kama ningekuwa na akili timamu. "Na wewe ukuta wote umejaza makosa ya watu. La kwako liko wapi?"

Mama aliniangalia, akachukua mkoba wake, akashuka ngazi. Mdomo wangu umeniponza tena.

Alhamisi asubuhi nilimkuta kafika kabla yangu. Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na kitambaa cha buluu chenye maua madogo meupe, kimekatwa gauni, hakijashonwa. Shingo yake ilikuwa pana ajabu. Ukilivaa lingepita mabegani lishuke mpaka sakafuni.

"La kwangu hili hapa," mama akasema. "Chukua simu. Naongea, unaandika."

Akaongea. Nilipomaliza kuandika, nikataka kuweka maua.

"Usiweke maua. Kitambaa kina maua ya kutosha."

"Mama, bibi je? Mjomba atamwonyesha." Bibi, mama yake mama, anakaa kwa mjomba, ng'ambo ya mji. Ana zaidi ya miaka themanini, simu hajui, ila mjomba humsomea kila kinachopita.

Mama akakaa. Nilimwona anaogopa. Mama yangu, anayeogopewa na wanafunzi, na seremala, na kamati nzima, alikuwa anamwogopa mama yake kama mtoto aliyevunja glasi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Tuma," akasema.

Posti yenyewe ilikuwa hii:

"Huyu aliyekata hivi ni mimi, mwalimu wa darasa hili. Nilikuwa na miaka kumi na minane, najifunza kwa fundi. Kitambaa ni cha mama yangu, alikitunza sandukuni miaka mitatu. Nilisahau kuwa kimekunjwa, nikakata kipimo kizima badala ya nusu, shingo ikatoka mara mbili. Fundi akanifukuza mbele ya wateja. Nikamwambia mama kitambaa kimeibiwa. Mama, kama unasomewa hii, hakikuibiwa. Miaka miwili sikushika mkasi. Nilipokuja kuwa mwalimu niliapa kwamba kwangu hatafukuzwa mtu kwa kukata vibaya, ndiyo maana tuna ukuta ule mnaoucheka. Kama na wewe uliwahi kufukuzwa mahali kwa kosa la kwanza, njoo. Ghorofa ya pili, juu ya seremala, kelele utazisikia. Ijumaa, kabla ya saa nne. Njoo uniambie uliharibu nini."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mama ilikuwa na urefu wa miaka arobaini.

Dakika kumi za kwanza, kimya. Halafu komenti ya kwanza ikaingia, ya mwanamke mmoja: "Mimi ni keki ya bosi, niliiunguza. Nilifukuzwa jikoni nikiwa na aproni." Ya pili ya dereva: "Mimi nilirudi nyuma nikagonga geti la tajiri, siku ya kwanza kazini." Hakuna aliyecheka tena! Yaani walicheka, lakini kwa namna nyingine, wanachekea nafsi zao. Na wanashea, wanashea, wanashea. Binti kamtumia baba yake: "Baba, ni wewe na ile redio." Shemeji akapanda ngazi mbio, mashine ya kunyolea bado mkononi, kamwacha mteja nusu kichwa. "Elfu sita!" anapiga kelele. "Shemeji, elfu sita na bado!" Nikamkumbatia, nywele za watu zikanijaa kwenye blauzi. Mama akatuambia tupunguze kelele, huku anachungulia simu kila baada ya tundu la kifungo.

Kitu kimoja tu hakikuingia. Kwa mjomba hapakutoka neno. Niliona kabisa kwamba ameisoma. Mama hakuuliza, na mimi kwa mara ya kwanza nikaushika mdomo wangu.

Ijumaa saa tatu, ngazi zilikuwa zinalia kwa miguu. Akaja yule wa keki. Akaja dereva, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Akaja nesi mstaafu, akaja baba wa redio kaletwa na binti yake, na binti naye akajiandikisha. Kila mmoja, kabla ya jina, mama alimuuliza: "Uliharibu nini?" Anasimulia, darasa linaangua kicheko, linapiga makofi, ndipo naandika. Pamoja na wale watatu wa Jumatano, saa tatu na nusu daftari lilikuwa na wanane. Saa tatu na dakika arobaini wakaingia wengine wawili, kumi. Akapanda seremala mwenyewe, vumbi la mbao kwenye nyusi, akasema kachoka kutusikia bora atuone. Kumi na mmoja!

Katibu wa kamati alikuwa kakaa mlangoni na saa yake, mtu wa kanuni. "Kumi na mmoja si kumi na wawili," akasema.

"Niandike mimi!" akadakia shemeji.

"Ndugu hawahesabiwi, wewe nakujua. Utajiandikisha leo kesho hupo." Na kweli, alikuwa anamjua.

Saa nne kasoro dakika tatu. Nilikuwa nimesimama dirishani, roho mkononi, natamani kumwita mtu yeyote anayepita barabarani. Hapo nikaona teksi. Akashuka mjomba, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, na taratibu, mguu mmoja, mguu wa pili, akashuka bibi.

"Mama," nikasema. Nikamwonyesha teksi kwa kidole.

Ngazi ni ishirini na mbili. Tulizisikia zote. Mama alisimama nyuma ya meza ya kukatia, mikono kaiweka juu ya kile kitambaa cha buluu kana kwamba upepo utakichukua. Bibi akatokea mlangoni anahema, akaangalia vyerehani, akaangalia ukuta wote, kipande kwa kipande, bila haraka. Kisha akamwangalia binti yake.

"Hapa ndipo wanapoandikisha?" akauliza.

Katibu akasimama akampa kiti. "Bibi, na wewe ni ndugu..."

"Nimekuuliza wewe?" Katibu akakaa. "Macho ninayo, vidole ninavyo. Kesho nitakuja na keshokutwa nitakuja. Andika."

Mama akanisogezea daftari niandike. Dereva, masikini, aliyefikiri labda mwalimu kasahau utaratibu, akanong'ona: "Mwalimu, hujamuuliza."

Sauti ya mama ilitoka ndogo. "Uliharibu nini, mama?"

"Kimoja tu," bibi akasema. "Nilimlea binti mpaka akaogopa kuniambia kakata kitambaa vibaya. Nilijua siku ileile. Mwizi gani wa nguo anaacha nyuzi za buluu kwenye sketi ya mwanangu? Nikanyamaza, nikasema atakuja kuniambia mwenyewe. Nimengoja miaka arobaini, na mimi pia sikusema. Hilo nalo mlitundike."

Darasa halikucheka. Mama alilia mbele ya watu wote, bila kujificha, na mimi nikalia kuliko yeye, na katibu akageuka akawa anaitazama sana saa yake. "Saa nne bado," akasema. "Kumi na wawili wametimia." Kisha mama akajifuta kwa ncha ya tepu ya kupimia, akavuta stuli ya mstari wa mbele, akaipiga vumbi.

"Mwanafunzi wa kumi na mbili," akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "kaa hapa mbele, nikuone unavyokunja kitambaa."