Alama Nne za Namba Ishirini na Tatu

Maman Agathe alikuwa anachemka kama sufuria ya sombe iliyosahauliwa motoni. Walimwita kwenye jury ya kuamua mashindano ya mashairi na hadithi kwa sababu Bukavu nzima inajua hakuna wa kumshinda kwa vitendawili. Na leo, sherehe imeshaanza, anapewa orodha ya watakaoingia katika kitabu cha mashindano, namba ishirini na tatu haimo.

Shairi hilo, lililoletwa bila jina kama mengine yote, lilikuwa vitendawili vitupu, bila jibu hata moja. Yeye alilipatia alama kumi na nane juu ya ishirini. Papa Léopold, profesa na mkuu wa jury, alilisoma kimya ofisini kwake, akalipatia nne, akaandika pembeni kwamba mwandishi hakumaliza kazi. Wengine wakamfuata kama mbuzi. Na ambaye wastani wake uko chini ya kumi, kitabuni haingii.

Agathe akamwendea pale mezani, akamuuliza nani alimfundisha kutegua kitendawili kwa macho. Léopold akamjibu, kwa ule upole unaouma, kwamba jury iko na kanuni zake, maman akae anywe fanta.

Hakukaa. Alichukua mikro mkononi mwa msema-sherehe, akafungua karatasi ya shairi lile.

"Kitendawili."

Ukumbi ukamwambia atege.

"Nyumba ya mwingine niko nayo ku mugongo, yangu inavuja."

"Mabati," wakajibu wanawake wa nyuma. Walikuwa wabebaji mizigo wa soko la Nyawera, waliokuja kumsindikiza mwenzao Larissa. Kila kitendawili Agathe alichotega, walikitegua, na mwenzao akazidi kuinamisha kichwa, machozi yakimtoka. Hapo kila mtu akajua namba ishirini na tatu ni nani.

Kikabaki cha mwisho. Agathe akamgeukia profesa.

"Wengine padri anawapaka majivu ku paji la uso mara moja kwa mwaka. Mimi yangu iko kila siku. Ni nini, papa?"

Léopold akafikiri, akasema ni dhambi. Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Wanawake wa nyuma hawakucheka. Mmoja mmoja waligusa paji la uso, pale kamba ya mzigo inapochimba ngozi na kuacha alama.

"Umeshindwa. Toa muji."

Akitabasamu kidogo, Léopold akampa kijiji cha Nyantende. Agathe akakataa. Profesa akaongeza kisiwa kizima cha Idjwi, na samaki wake.

"Muji sitaki. Nipe ukurasa."

Léopold akasema kitabu kiko tayari kwenda kwa mpiga chapa. Ukumbi ulimtazama tu, mpaka akatoa kalamu, akaandika jina la Larissa mwisho wa orodha.

Vigelegele vikapanda. Larissa akaja kumshika Agathe mikono, naye akamkumbatia sana, lakini uso wa Agathe haukulainika. Juu ya bega la yule binti alikuwa anaangalia bahasha ya mashairi yaliyokataliwa, iliyo chini ya meza ya jury.

"Papa Léopold," akasema, "na ile mashairi mingine uliyosoma kimya, leta yote hapa."