Vipimo Vilivyosomwa Darasani

Serikali siipendi, na sitadanganya. Marehemu mke wangu alikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi akimngoja daktari ambaye wakubwa walisahau kumwajiri. Kwa hiyo redio iliposema simu ni marufuku shuleni, nilisema, "Haya, sasa wamefika mpaka mifukoni mwa watoto."

Mimi ni fundi cherehani. Tarakimu nazijua, maneno yananishinda. Wateja walizoea kutuma vipimo kwa ujumbe kwenye simu ya mke wangu, yeye anasoma, mimi nakata. Alipofariki, binti yetu aliirithi simu na kazi. Nikikwama, nampigia shuleni kwa kisimu changu: "Mama, huyu bega ngapi?" Ananong'ona, nakata.

Siku amri ilipoanza nilikuwa na gauni la mama wa bibi harusi mezani. Nikapiga, kimya. Nikafunga duka, nikaenda shule moto mmoja.

"Karibu, mzee," mwalimu wake wa darasa akasema.

"Sikaribii. Nataka simu ya marehemu mke wangu."

Hakukasirika. Akaniuliza kama najua binti yangu amekuwa wa ngapi.

"Wa kwanza. Siku zote."

"Huyo ni wa zamani. Sasa ni wa thelathini na nane, na darasa lina watu arobaini. Nilidhani ana mchumba, maana juzi kwenye hesabu alipigiwa mara kumi na moja. Nikamwambia anionyeshe ni nani." Akanitazama. "Ni wewe, mzee wangu."

Nilikaa bila kukaribishwa tena. Ilikuwa imebaki miezi mitatu kufika mtihani wa mwisho.

Binti akaitwa. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema nini, baba? Ungekata nguo za watu kombo, halafu ungelala njaa ukisema ni serikali."

Mwalimu akageuka dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Ndiye aliyepata dawa. Alichora mtu kwenye karatasi, akaweka kiboksi begani, kifuani, kiunoni na mguuni, akanitolea nakala nyingi. Mteja aje dukani, nimpime, nijaze tarakimu. Basi.

Wateja walinung'unika. Mama wa bibi harusi alikuwa wa kwanza.

"Fundi, si nilishakutumia?"

"Umetuma, lakini futi inakataa."

"Futi yako imezeeka."

"Futi haizeeki, dada. Vuta pumzi kawaida, usiibane."

Kumbe kwenye ujumbe watu walikuwa wakijipunguzia viuno, nami nikilaumiwa kwa nguo kubana. Tangu hapo hakuna nguo iliyorudi. Na binti jioni alikuwa akifungua daftari badala ya kuniomba radhi kwa simu alizokosa kupokea.

Matokeo yalipotoka, alikuwa wa tatu, na nafasi ya kuendelea na masomo kapata. Nilivaa shati la kutokea, nikaenda kwa mwalimu nikamwambia ahsante.

"Mimi nilichora tu," akasema. "Simu ilizuiwa na serikali."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini hawa si wanyonge, na shukrani yao inapita kooni kama kidonge bila maji.

"Basi nao wape ahsante," nikasema. "Ila usiseme imetoka kwangu."