Mmelalaje?

Evodia alipanda juu ya stuli akashindilia kitenge kwenye mwanya ulio kati ya ukuta na bati. Dirisha alikwisha kuliziba tangu wiki iliyopita kwa blanketi mbili na gunia la kahawa, mpaka chumba kikanuka vumbi na buni mchana kutwa. Bado kulikuwa na mwanya huu wa juu, na matundu ya misumari, na mlango usiofika chini. Alishindilia kitenge, kisha shuka kuukuu, kisha majani makavu ya migomba ambayo mama yake alikuwa akimpa kutoka chini.

"Pale pembeni," mama alisema. "Hujapaziba."

"Napaona, mama."

Jua lilikuwa linatua nyuma ya migomba. Upande wa pili wa mpaka wa shamba vijana wa Gozbert, mtega senene, walikuwa wakisimamisha mabati ndani ya mapipa huku wakicheka. Jenereta likavutwa kamba, likagoma, likavutwa tena, likakubali. Taa zikawaka.

Chumba kikawa cheupe. Mwanga uliingia kwa matundu ya misumari ukatapakaa ukutani, ukaingia chini ya mlango, ukapenya hata kile kitenge, maua yake yakaonekana moja moja kama yale ya kitenge kilichotundikwa dukani. Evodia akaketi juu ya stuli na majani ya migomba mkononi.

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na hakuna mtu katika wilaya nzima ya Muleba anayeulaumu msimu wa senene. Zamani watu waliwaokota kwenye nyasi asubuhi, wakiwa wamelowa umande, wazito wa kuruka. Siku hizi hutegwa. Taa kali huwashwa juu ya mabati yaliyosimama ndani ya mapipa. Mdudu huona mwanga, huufuata, hugonga bati, huteleza, hutumbukia. Gozbert alikuwa ameleta kutoka Bukoba mjini taa kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana Nshamba, akatafuta mahali palipoinuka, akapapata. Palikuwa mlangoni kwa Ma Kokubanza, mama yake Evodia.

Kwa mtu mwingine taa zile zilikuwa kero tu. Kwa Evodia zilikuwa ugonjwa unaorudi.

Miaka ya nyuma, akiwa ameolewa Kimwani, usingizi ulimtoka na yeye hakuona kama amepoteza kitu. Alikuwa na furaha. Alifua nguo za majirani, akagawa kuku wa mkwewe kwa wapita njia, akasimama gulioni akawahutubia watu juu ya mambo ambayo yeye mwenyewe baadaye hakuyakumbuka. Walimfunga kamba. Mume akamrudisha kwao. Daktari aliyempokea alimwandikia vidonge, kisha akamwambia jambo ambalo alilishika kuliko katekisimu.

"Vidonge vinafanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni giza. Lala na giza, uamke na jua. Mwili una saa yake, na saa yako ni nyepesi kuharibika. Usingizi ukianza kukukimbia, usingoje. Njoo."

Akaishi hivyo. Aliingia kulala kuku wanapopanda bandani, na majirani wakamtania kuwa mwalimu amekwenda kuatamia. Alicheka nao. Kwa kulala hivyo alikuwa amepona, amerudi shuleni, ameshika chaki yake tena na kufundisha darasa la tatu mpaka watu wakasahau Kimwani. Hakuomba kingine. Giza lilikuwa la bure, kila mtu alikuwa nalo, nani angefikiri kwamba litakuja kuwa kitu cha kuombwa?

Kwa Gozbert alikwenda mapema, taa zilipokuwa bado ngeni. Alimkuta akichagua senene, amejaa mabawa mpaka kwenye nyusi.

"Mwalimu, mimi siwaiti hawa," Gozbert alisema. "Wanakuja wenyewe. Mimi nawawashia taa tu."

"Zigeuze basi zitazame bondeni."

"Senene hawapiti bondeni."

"Zinaniingilia chumbani, Gozbert. Silali."

"Na mimi silali. Vijana hawa hawalali. Msimu wa senene nani analala?" Akacheka, si kwa ubaya, akamjazia mfuko. "Wapeleke kwa mama. Mwambie akaange na kitunguu."

Walikaangwa. Walikuwa watamu. Hilo nalo lilimkera.

Siku zilivyosonga, akaamua kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Ta Apolinary, akamchukua mama yake ili kesi ipate uzito wa mtu mzima. Walifika asubuhi wakakuta benchi limejaa watu wenye shida zao za mipaka na mbuzi. Nyuma ya kiti cha mwenyekiti, kwenye kivuli, palikuwa na debe limefunikwa kwa jani la mgomba, na jani lilikuwa linatikisika. Kila mtego kijijini ulikuwa na debe la mwenyekiti. Haikuwa sheria, ilikuwa heshima.

Ta Apolinary aliinuka nusu, akampokea Ma Kokubanza kwa mikono miwili. Akamsalimu kwa Kihaya, akianza na waitu, neno la heshima, na kwa Kihaya salamu ya asubuhi ni swali la usingizi.

"Waitu, Ma Kokubanza. Mmelalaje?"

"Tumelala vizuri, waitu," alijibu mama.

Angejibu nini? Amelijibu swali hilo hivyo tangu alipojua kusema. Amelijibu hivyo kwenye misiba, marehemu akiwa bado ndani.

"Haya. Shida yenu?"

Evodia alieleza. Alikuwa ameyapanga maneno yake kama mwalimu, akaanza na taa, akaja kwenye mwelekeo wa taa, akamalizia na usingizi. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawatazama watu wa benchi, na Evodia akaona tabasamu likianza.

"Mmekuja kushtaki kwamba hamlali."

"Ndiyo."

"Mbona mama yako amesema sasa hivi, mbele ya watu hawa wote, kwamba mmelala vizuri?"

Benchi likaangua kicheko. Ma Kokubanza akashika mdomo.

"Ile ni salamu, Ta!" Evodia alisema. "Kila mtu anajibu hivyo!"

"Salamu ni maneno. Mimi nikiandika muhtasari niandike nini? Kwamba mlalamikaji amelala vizuri lakini hakulala?"

Wakacheka tena. Hata mwenye kesi ya mbuzi alicheka.

"Nikikosa usingizi naumwa," Evodia alisema kwa sauti ya chini.

"Unaumwa nini?"

Evodia alitazama benchi. Watu walikuwa wameacha kucheka, wameinamisha vichwa ili wasikie vizuri. Ta Apolinary naye akainama, akaishusha sauti, na kwa namna fulani upole wake ulikuwa mbaya kuliko mzaha.

"Ule ugonjwa wako? Basi mwanangu, tatizo si taa. Taa ile inawaka kwa kijiji kizima, na kijiji kizima ni kizima. Tatizo ni kichwa. Nenda ukaongezewe dawa, sawa? Gozbert analeta maendeleo. Hatuwezi kuzima maendeleo kwa ajili ya kichwa cha mtu mmoja."

Njiani mama alitembea nyuma yake. "Nisamehe," alisema. "Ulimi ulitangulia." Evodia alitaka kumwambia si kosa lake. Akashindwa, maana kwa wakati ule aliona kama ni kosa lake kweli, na hasira yake haikuwa na mtu mwingine wa karibu.

Halafu asubuhi moja aliamka bila kuwa amelala, na hakuwa amechoka.

Alikaa kitandani akaisikiliza ile nguvu. Ilikuwa inapanda kutoka miguuni, safi, tamu. Ndege walikuwa wanaimba na kila ndege alikuwa na maana yake. Evodia aliogopa, na chini ya woga ule furaha ikaendelea kupanda bila kumjali. Uchovu angeuvumilia. Aliyemjua na kumwogopa ni huyu mgeni, furaha isiyo na sababu.

Alikwenda shuleni kuomba ruhusa. Lakini kengele ilikuwa imegongwa na watoto wamekaa, akaona awape somo moja kwanza. Alifundisha kuzidisha. Alifundisha kuzidisha kwa wimbo, kwa kuruka, kwa kupanga watoto uwanjani safu kwa safu, mpaka darasa la nne wakaacha walichokuwa wakifanya wakajazana madirishani, wakapiga makofi. Mwalimu mkuu, Penina, alitoka ofisini akasimama barazani amekunja mikono, anatabasamu.

"Hivi ndivyo ninavyotaka walimu wangu wawe," alisema.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Nataka kwenda hospitali leo hii."

"Wewe? Unaumwa?"

"Naanza kuumwa."

Penina alimtazama. Aliona macho yanayong'aa, gauni lililopigwa pasi, mwanamke aliyechangamka kuliko mtu yeyote pale shuleni.

"Evodia, mitihani ndiyo hii. Mwenzako ana malaria, kanijia anatembea kwa kushika ukuta, huyo nimempa ruhusa. Sasa wewe nikuandikie nini? Kwamba una furaha?"

"Ndiyo," Evodia alisema. "Andika hivyo."

Penina alicheka kwa moyo wote. "Njoo Ijumaa tuzungumze."

Angeweza kuondoka tu. Aliliwaza hilo, na aliposhika njia ya stendi alikuwa ameamua kabisa. Ila njiani lilimjia wazo, na wazo lilikuwa zuri sana, likafuatwa na jingine zuri zaidi, na yote yalikuwa yanakwenda haraka kuliko miguu yake. Kwa nini aende hospitali kufuata usingizi wakati usingizi wenyewe uko nyumbani, umezuiliwa na swichi moja? Akageuka.

Jioni vijana walipovuta kamba ya jenereta, Evodia alikuwa amesimama katikati ya mapipa na jiwe mkononi. Taa ya kwanza ilipasuka kwa mlio mdogo. Ya pili ikafuata. Aliangusha mabati yakapiga kelele kilima kizima, watu wakaja mbio na vijiko mikononi.

"Taa zinaniingilia chumbani!" alikuwa anasema. "Zigeuzwe zitazame bondeni! Mwili una saa yake! Nikikosa usingizi naumwa!"

Yalikuwa maneno yale yale aliyoyasema kwa Gozbert, yale yale ya ofisini, wala hakuongeza hata moja. Ila sasa aliyasema kwa sauti kubwa na jiwe mkononi, na hakuna aliyehangaika kuyasikia.

"Ugonjwa umemrudia," mtu alisema.

"Haujamrudia, haukuondoka."

Vijana walimkamata, wakamfunga kwa kamba za katani walizokuwa wakifungia mabati. Ta Apolinary alifika akiwa bado anatafuna. Alimtazama Evodia chini pale, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Niliwaambia mapema," alisema. "Tatizo ni kichwa."

Gozbert hakupandisha hasira. Alisema hadai fidia, ugonjwa hauna mwenyewe. Tena pikapu yake ilikuwa inakwenda Bukoba kukipambazuka na mzigo wa senene. Angempeleka mgonjwa bure mpaka hospitali. Watu wakasema yule kijana ana utu. Kisha akatoa balbu za akiba, akazifunga, akawasha, msimu ukaendelea.

Kulipopambazuka walimpandisha nyuma ya pikapu, katikati ya magunia. Ma Kokubanza alipanda naye akapakata miguu ya bintiye iliyofungwa. Magunia yalikuwa hai. Yalichezacheza na kusugua, wadudu wakipandana humo ndani gizani. Evodia alikuwa kimya sasa. Kamba ilikuwa imemchubua vifundo vya mikono, midomo imekauka, na kwa kitambo kifupi ile mbio ya kichwani ilikuwa imepungua, akaona kila kitu mahali pake: migomba, mabati, taa zinazowaka wakati jua limekwisha kutoka.

Watu walikuwa wamezunguka gari kuaga. Ta Apolinary akasogea, akaweka mkono juu ya ubavu wa pikapu. Alikuwa mtu wa adabu, na mgonjwa naye husalimiwa.

"Waitu, mwalimu. Umelalaje?"

Evodia alimtazama. Alifikiri kidogo, kama anavyofikiri mwalimu aliyeulizwa swali na mtoto, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Sikulala."

Wanawake wakatazamana. Mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akarudi nyuma hatua moja.

"Mmesikia?" Ta Apolinary aliwageukia watu, na safari hii hakuwa anatania. "Maskini wa Mungu. Hata salamu hajui tena kuijibu."

Vichwa vikatikiswa. Ma Kokubanza akaona aibu ikimpanda usoni mbele ya kijiji chote, akaukaza mkono wake juu ya kamba ya miguu ya bintiye, akasema haraka:

"Amelala vizuri, waitu. Tumelala vizuri sote. Ninyi je?"

"Vizuri," alisema mwenyekiti.

Gozbert akawasha gari.