Marahaba Ni Yako, Bibi

Watu bwana, hawakosi la kusema. Atupele aliambiwa wavulana huchelewa kuongea. Akaambiwa Kinyakyusa chake na Kifipa cha mumewe vimemvuruga mtoto kichwa. Rafaeli alikuwa na miaka minne, haitiki akiitwa, hamtazami mtu usoni, na akianza kupanga visoda vyake hata nyumba iungue hainuki. Kulia Atupele alishamaliza. Aliposikia daktari bingwa wa watoto amefika Sumbawanga kwa siku chache, akasema mwanangu anapimwa, anayetaka kununa anune.

Mama mkwe wake, bibi Avelina wa Mollo, akalidaka neno moja tu: kupimwa. Kwake huo ni mtihani, na mjukuu wake hafeli mtihani, asilani! Basi kila Atupele alipokwenda dukani Milanzi, bibi alimpakata mtoto akamfundisha, kimyakimya.

Siku ikafika. Daktari hajafungua mdomo, Rafaeli akaikodolea macho taa ya darini, akasema kwa sauti safi: "Shikamoo. Marahaba. Hujambo mjukuu wangu?"

Bibi akavimba kichwa. Nesi akacheka, akasema mtoto ana adabu huyu, mbona mzima tu. Atupele akawaza: Wakirudishwa leo, bingwa mwingine atakuja lini? Lakini hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Muulize jina lake, daktari."

Daktari akamuuliza. "Shikamoo. Marahaba. Hujambo mjukuu wangu?" Maneno yale yale, lafudhi ya Mollo humo humo, mpaka kikohozi cha bibi mwishoni.

Safari hii hakucheka mtu. Daktari akaketi naye mkekani asubuhi nzima, akamwita, akamwonyesha vitu, akacheza naye visoda, akamhoji mama tangu uzazi. Mwisho akasema ni usonji. Akaeleza mazoezi ya kuanza nayo, akasema na lugha za nyumbani hazina kosa lolote. Atupele aliumia, ndiyo, lakini sasa alijua pa kushika.

Bibi Avelina alikuwa amenywea. "Kwa hiyo amefeli," akasema.

"Hapa hakuna kufeli, bibi," daktari akamjibu. "Endelea kumfundisha. Ila marahaba ni yako. Akisema shikamoo, iwahi wewe, mpaka ajue inatoka kwako."

Ikawa kazi. Miezi ikapita bibi akishindana na mtoto kuliwahi neno, na mara nyingi mtoto alimshinda, wakabaki kuchekwa na nyumba nzima. Hata jioni moja Rafaeli akaacha visoda vyake, akasimama mbele ya bibi.

"Shikamoo," akasema. Akanyamaza, macho kwenye kidevu cha bibi.

Bibi akajifunika uso kwa khanga. Alikuwa analia.

"Mwitikie, mama," Atupele akasema. "Anakungoja."