S Isiyo na Mluzi

"Mashini yako njo iko nadanganya, yaya!" Brigitte alikuwa amesimama, mkono kiunoni. "Mutu anatosha vipande mu mufuko wa plastiki, anavibandika na risasi ya kulehemu, kisha anatuambia masikio ya bote yalikufa!"

"Ikala chini. Masikio yako ni mazima. Ni kinywa njo kiko natafuta njia."

Hakukaa. Brigitte huniita yaya, dada mkubwa, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Miaka ishirini tumesimama mstari mmoja katika kwaya ya parokia yetu, hapa Kamalondo, na ndiye aliyemshika binti yangu Exaucée siku ya ubatizo. Exaucée sasa ana miaka ishirini na minne, naye ni wa kwaya. Alikuwa mezani akiokota vipande vya waya ambavyo hakuna aliyemwomba aviokote.

Mashini yenyewe ilikuwa katikati yetu: kibao cha kijani, ukubwa wa kiganja, bado hakijapata sanduku. Kazi yake ni kupokea muziki uliohifadhiwa kwa namba kwenye kompyuta na kuugeuza umeme ambao amplifaya inaweza kuutoa kwenye spika. Zilizo tayari ni ghali. Mimi nina diploma ya elektroniki na chuma cha kulehemu, kwa hiyo niliagiza ya kuunga mwenyewe, nikaifuata Mokambo, mpakani, siku mbili kwenda na kurudi. Nilitaka kuusikia wimbo wangu vizuri kabla ya Jumapili.

Wimbo huo niliutunga mama yangu alipofariki. *Usisahau sisi, mama, safari si ya siku moja.* Kwaya ikaurekodi, na mimi nikaimba peke yangu ubeti wa kwanza na wa mwisho. Nina mwanya kati ya meno ya mbele, na kila S yangu hupiga mluzi mdogo. Mama alikuwa nao huo huo. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwiga anapopita. Pale studio nilifurahi kwamba mluzi ule utabaki mahali fulani, maana kinywa chake kiko ardhini.

Niliporudi kutoka Mokambo, Casimir, kiongozi wa kwaya, alinitumia wimbo kwa simu. Simu hula sauti za juu. S zote hugeuka vumbi. Nikaamini ni mimi. Niliwasikilizisha majirani, nikamsikilizisha hata muuza makaa. "Huyu njo miye," nilimwambia.

Leo mchana Brigitte alileta faili nzima kwenye fleshi, pamoja na kartoni ya majalada ya wimbo niliyopewa kazi ya kuyakata, kwa kuwa kesho baada ya misa unatolewa. Nikachomeka. Mstari ule mmoja una S saba. Zote saba zilipita safi kama za mtangazaji wa redio. Nikasema huyu si miye, na hapo ndipo Brigitte aliposimama.

"Pengine kipande kimoja ulikiweka kinyume," Brigitte alisema sasa, kwa sauti ya chini kidogo.

Hilo lilikuwa swali la haki. Nilichukua lensi nikakagua kibao mbele yao. Kondansa zote, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, mstari mweupe upande wa hasi, unapotakiwa. Miguu ishirini na minane ya chipu, hakuna uliogusa mwenzake. Kisha niliyaimba maneno yale yale kwenye maikrofoni ya kompyuta, nikayapitisha kwenye kibao kile kile, spika zile zile. Mluzi. Mara saba.

"Mluzi ukiwepo, mashini inausikia," nikasema. "Basi nani anaimba mule ndani?"

Brigitte akakaa. Hapo nikajua.

"Ni miye, yaya." Alikuwa akiisemesha meza. "Casimir alisema ile filimbi iko naharibu wimbo. Mutu wa studio alijaribu kuitosha mule ndani, ikakatala. Njo akaniomba. Weye ulikuwa Mokambo, hatukutaka kukutia haya. Na niliimba weye kabisa! Hata kupumua, nilipumua kama weye."

Alidhani hilo litanifariji.

Kwa hiyo wakati nimesimama mpakani kuchukua mfuko wa vipande ili nijisikie vizuri, wao walikuwa studio wakinifuta.

"Nani mwingine alijua?"

Brigitte alimtazama binti yangu.

Wiki nzima Exaucée aliniambia, "Mama, uachane nayo, simu inatosha." Nikadhani anauhurumia mgongo wangu. Alinishikia taa. Alinisomea rangi za rezistansi, vile vipande vyenye mistari, moja baada ya nyingine, kahawia, nyeusi, nyekundu, huku akijua ninachokijenga kitamfikisha wapi.

"Weye pia?"

"Mama, ulikuwa na furaha mingi." Machozi yalikuwa yameanza. "Kwaya yote inajua. Hakuna mwenye alitaka kukuambia."

Jina langu ni Mujinga. Kwa Kiluba ni jina la mtoto aliyezaliwa na kamba ya kitovu shingoni. Kwa Kiswahili kila mtu anajua maana yake. Tangu shule nimelicheka mimi kwanza, ili wengine wasipate nafasi.

"Bon," nikasema. "Jina langu lilikuwa la Kiluba. Leo mumenibatiza tena, kwa Kiswahili."

Hakuna aliyecheka.

"Yaya, uwache," Brigitte akasema. "Kesho bantu batafurahi, na jina lako liko pale juu, kubwa."

Ni kweli, lilikuwa kubwa. Nilivuta kartoni, nikatoa jalada la juu. *Mtunzi: Mama Mujinga. Sauti: Mama Mujinga.* Nikachukua kalamu nene nyeusi ninayowekea alama kwenye waya. Mstari wa mtunzi sikuugusa. Katika mstari wa sauti nilikata jina langu, nikaandika pembeni: Brigitte.

Aliruka kutoka kitini. "Yaya! Batauliza!"

"Baulize. Utajibu weye, uko na sauti safi."

"Casimir atasema nini?"

"Hata yeye umujibu."

Aliondoka bila kuaga, akasahau fleshi yake. Niliichomoa nikaiweka juu ya kartoni, kisha nikazima amplifaya. Exaucée alikuwa bado amekaa, mikono mapajani. Nilimsukumia kalamu ya pili.

"Majalada iko mia na makumi tano," nikamwambia. "Sasa andika sawasawa."

S zangu zote zilipiga mluzi. Alifungua kifuniko cha kalamu, akavuta jalada lililofuata, akaanza.