Marehemu Aliyekuza Herufi

Asubuhi ile Adelgunda alimuua mtu aliye hai. Hakukusudia, jamani, na alimuua kwa sauti nzuri kweli, ile sauti yake ya kusomea vifo ambayo Karagwe na Kyerwa nzima waliijua.

Mgeni wa huku hawezi kuelewa uzito wa kosa hilo mpaka aelezwe. Tangazo la kifo likisomwa redioni, si habari ya kusikiliza na kupita. Anayepalilia migomba anaweka jembe chini, maana siku ya msiba halimwi kijijini. Wanaume wanakata mikungu ya ndizi, wanawake wanafunga maharage kwenye kanga, walioko Kimuli wanatafuta pikipiki wawahi mazishi. Mwanamke mmoja anafungua mdomo chumbani, juu ya duka la saruji mjini Kayanga, na vilima vizima vinaacha kazi. Miaka yote aliyosoma matangazo, Adelgunda hakuwahi kuizoea nguvu hiyo. Kila taa nyekundu ya studio ilipowaka alitishika kidogo, na alipenda kutishika.

Zamani matangazo yalikuja kwa karatasi. Alitoka nazo nje kwenye jua, akazisogeza karibu na pua, akasoma na kurudia mpaka maneno yakae kichwani, kisha akaingia studio na karatasi mkononi kama pambo tu. Watu walisema mama yule ni makini. Ukweli ni kwamba macho yalikuwa yanamwacha. Daktari alimweleza kuwa presha ya macho imeharibu mshipa. Dawa ya matone italinda uoni uliobaki, lakini uliokwenda umekwenda, na miwani haitaurudisha. Adelgunda alishukuru, akanunua dawa, na kazini hakumwambia mtu.

Ndipo meneja wake, Luqman, akaleta kompyuta. Luqman alikuwa kijana wa mjini, mjukuu wa wafanyabiashara waliohamia huku kutoka Tanga, mwenye adabu nzuri na haraka nyingi. Karatasi basi, alisema. Matangazo yatatumwa kwa simu, yeye atayaweka kwenye kompyuta, na msomaji atasoma kwenye kioo. Akaiweka mashine mezani, kioo chake kikitazama dirisha, kwa sababu hapo ilipendeza. Adelgunda alipoketi mbele yake aliona mwanga mweupe, na ndani ya mwanga vumbi jeusi limejipanga mistari mistari. Vumbi hilo ndiyo maandishi.

Alijitahidi. Kila siku kabla ya kipindi alimwomba Luqman amsomee matangazo, eti wahakikishe matamshi ya majina, naye akayahifadhi kichwani. Kichwa chake hakikuwa na mchezo. Kilimbeba salama mpaka asubuhi ile Luqman alipoingiza matangazo alfajiri na kuondoka kwenda ofisi za wilaya bila kumsubiri.

Lilikuwa tangazo la ndugu wawili wa Nyakasimbi. Elpidius Rweyemamu, yule mkubwa, alikuwa amefariki hospitalini. Mdogo wake, Rogasian Rweyemamu, ndiye aliyetuma tangazo. Jina la ukoo moja, mistari miwili ya vumbi. Adelgunda alikodoa macho mpaka machozi yakamtoka. Majina aliyatambua kwa shida. Yupi amekufa na yupi anatangaza hakutambua. Taa ikawaka, akabahatisha.

"Bwana Elpidius Rweyemamu wa Nyakasimbi anasikitika kutangaza kifo cha ndugu yake mpendwa, Rogasian Rweyemamu."

Basi maiti ikawa inatangaza kifo cha mzima.

Rogasian mwenyewe alirudi kutoka hospitali akakuta uwanja wake umefurika watu. Sebuleni nyasi za kukalia waombolezaji zimetandazwa, na wazee wako kwenye migomba yake wanabishana pa kumchimbia kaburi. Mkewe Salvina, aliyeanguka katikati ya mibuni aliposikia redio, amelazwa mkekani anapepewa. Marehemu alipotokea mlangoni, mayowe yalibadilika sauti, na jirani mmoja alitoka mbio na mkungu wake wa ndizi begani, hakusimama mpaka kwake. Salvina alimshika mumewe uso kwa mikono miwili.

Mchana huo simu ya redio haikunyamaza. Luqman alikuwa amerudi, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Mama Adel, jioni atasoma mtu mwingine," alisema. "Kesho tutazungumza."

Adelgunda aliyajua mazungumzo ya namna hiyo. Mtu haitwi kesho kupongezwa. Alikaa kwenye kiti chake huku mikono ikiwa mapajani, akiwaza atakuwa nani katika dunia hii bila ile taa nyekundu.

Hapo zikasikika hatua nzito ngazini. Akaingia mzee mrefu mwenye koti la mazishi, vumbi la barabara limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Nani aliyeniua?" akauliza.

Adelgunda akasimama. "Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba." Heshima kwanza, hata kwa marehemu. "Basi wewe ndiye utakayenifufua."

"Samahani sana mzee wangu," Luqman akaingilia, "tumeshapanga msomaji mwingine wa jioni."

"Huyo mwingine nani anamjua? Ndugu zetu wa Ihembe na Kimuli wamesikia sauti ya huyu mama ikisema nimekufa. Ikija sauti ya mtu mwingine ikasema siyo, watadhani redio inagombana yenyewe kwa yenyewe. Kaka yangu anazikwa kesho, kijana. Kesho! Na hakuna anayemlilia, wote wananililia mimi. Atasoma huyu huyu, nami nitakaa hapa nimsikilize."

Akavuta kiti, akaketi kando ya Adelgunda. Luqman alifungua tangazo sahihi kwenye kompyuta, akasimama nyuma yao.

"Haya, mama. Nisomee kwanza mimi."

Adelgunda aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mwanga wa dirisha ulikuwa umejaa pale, mweupe, na vumbi likacheza ndani yake. Alifungua mdomo, akaufunga. Rogasian hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anamtazama yeye.

"Mama," akasema, safari hii polepole. "Unaona nini hapo?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo mwingi tayari, wa uchovu, wa umeme, wa matamshi. Lakini mtu ambaye nusura achimbiwe kaburi kwa kosa lake alikuwa pembeni yake, naye alikuwa amechoka kuficha.

"Vumbi, mzee," akasema. "Naona mwanga na vumbi."

"Mbona hukusema?" Luqman aliuliza.

"Ningesema, ningebaki?"

Rogasian aliguna, akasogeza kichwa chake pale kilipokuwa kichwa cha Adelgunda, akakunja uso, akarudi nyuma.

"Hata mimi sioni kitu. Mimi nilikuwa mchora ramani za ardhi, macho yangu yote nimeyaacha kwenye mipaka ya mashamba ya watu. Waliotazamisha kioo dirishani walitaka kusoma, au walitaka kuota jua?"

Akakigeuza kioo mwenyewe, kikalipa jua kisogo. Kisha akavuta kipanya, akafungua mahali pa mipangilio kama mtu anayefungua lango la boma lake. Binti yake aliyeko Bukoba ndiye aliyemwelekeza kwa simu, alieleza huku akibonyeza, mwaka ule yeye aliposhindwa kabisa kusoma magazeti. Kompyuta zote zina mahali hapo, ila watu hupapita tu. Akachagua mandhari ya giza. Kioo kizima kikawa cheusi, na Adelgunda akashtuka, akidhani mashine imezimika. Akachagua herufi za njano. Kisha akashika kile kijistari cha kukuza maandishi, akaanza kukisogeza taratibu.

"Hapo?"

"Bado."

"Hapo?"

"Bado, mzee."

"Hapo?"

Adelgunda akasogeza uso mbele.

Herufi zilikuwa zinatoka gizani. Zilitoka kama migomba ya bondeni ukungu unapoinuka asubuhi, mmoja, halafu mwingine, halafu shamba zima. Aliona E yenye vidole vyake vitatu. Aliona L, akaona P na tumbo lake. Alikuwa amesahau kwamba herufi zina kingo, kwamba kati ya neno na neno kuna nafasi tupu na safi. Aliogopa kupepesa macho, isije yote ikaondoka. Akanyoosha kidole, akagusa kioo chini ya jina, na jina halikukimbia.

"Waitu, jamani," akasema kwa sauti ndogo sana. "Zimesimama."

Hakulia alipoambiwa kuhusu macho yake, sasa alilia. Machozi yenyewe hayakuzifuta zile herufi, zilikuwa kubwa mno. Alisoma mstari mzima, akasoma wa pili, bila jua la nje, bila kuazima sauti ya mtu, na furaha iliyompata ilikuwa na hofu ndani yake, ile hofu ya mtu aliyesimama mbele ya jambo kubwa kuliko yeye.

"Ni dawa gani hii, mzee?"

"Dawa gani? Ilikuwa humu humu siku zote," Rogasian alisema. "Hakuna aliyeuliza."

Luqman, aliyeishi na mashine ile kutwa nzima kila siku, alikuwa amesimama mdomo wazi.

Jioni taa nyekundu ikawaka. Adelgunda alisoma kifo cha Elpidius neno kwa neno, pahali pa mazishi, majina ya watoto, ya wakwe, ya ndugu wa Ihembe na Kimuli, hakuna aliyeachwa. Kisha akasema kwamba Bwana Rogasian ni mzima na yuko hapa studio. Rogasian akakohoa kwenye kipaza sauti ili wamtambue. Wanaosema walikisikia kikohozi hicho Nyakasimbi wanasema Salvina alicheka na kulia kwa pamoja.

Mazungumzo ya kesho yake yalikuwa mafupi. Luqman alikuja na pazia la dirisha na karatasi aliyoibandika juu ya kompyuta: USIGUSE MIPANGILIO.

Tangu hapo mzee alikuwa akipiga simu studio mara moja moja. "Marehemu anakusalimu," alisema kila mara, na Adelgunda alicheka mpaka kiti kikalia. Wasomaji wengine walinung'unikia herufi zile kubwa kama za kufundishia chekechea, lakini hakuna aliyethubutu kuzipunguza.

Mwaka mwingine, masika yakiwa yanakwisha, Adelgunda aliketi asubuhi, akafungua tangazo la kwanza. Herufi za njano zikasimama gizani, kubwa, safi, kila moja na kingo zake. Salvina wa Nyakasimbi anasikitika kutangaza kifo cha mume wake mpendwa, Rogasian Rweyemamu.

Alisoma tena. Alifuta macho kwa kanga, akasoma tena. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alitamani vumbi lirudi. Akamwita Luqman.

"Nisomee hapa, mwanangu."

Luqman alisoma mstari wote mpaka kwenye jina. "Umeona sawa, mama."

Taa ikawaka, naye akasoma, taratibu, akilipa kila neno nafasi yake. Lakini Nyakasimbi hakuna aliyeweka jembe chini. Walisimama katikati ya migomba wakatazamana, kisha wakatoa simu. Simu ya studio ikaanza kulia, na kila aliyepiga aliuliza swali lile lile: Mama Adel, una hakika? Safari hii umeona vizuri?

"Nimeona vizuri," aliwajibu, mmoja baada ya mwingine. "Yeye ndiye aliyenifanya nione."

Ndipo majembe yakawekwa chini.