Anapozima Pale Juu

…na ile pikipiki nyeusi yenye taa ya mviringo ndiyo inayoniangalia, si mimi ninayeiangalia, nimeshaizunguka, nimegusa kiti chake kirefu kilicholala bapa kama benchi la kanisa, nimejifanya nachunguza mnyororo, nikahamia kwa ile nyekundu ya michongo iliyoinamisha kichwa kama jogoo anayetafuta ugomvi, lakini kila ninapoipa nyeusi mgongo nahisi mtu amesimama nyuma yangu anafuta mikono kwa kitambaa, na dukani humu hakuna harufu ila ya matairi mapya, kwa nini basi pua yangu inapata dawa ya kuogeshea ng'ombe, na Sefu muuzaji anaendelea, Sefu hana nukta, "Mwalimu, usidanganyike na sura, hizi zote mpya, zimetoka kwenye boksi juzi, hii nyeusi ndani ni kijana kabisa, stata ya kubonyeza, breki za diski, ni kijana tu aliyevaa koti la babu yake," anacheka, Sabina mke wangu naye anacheka, na mimi nacheka nimechelewa, koti la babu yake, hajui anachosema, hajui kwamba nimesimama hapa kuamua kama nilivae… Jumamosi ya kawaida, watu wananunua pikipiki kila Jumamosi, mtu anapewa funguo na helmeti anakwenda zake, na mimi sababu ninayo, tangu mama aanze kupotelea ndani ya kichwa chake nateremka kijijini kwake Kikwe kila jioni nikitoka shuleni, basi mpaka Usa, bodaboda mpaka nyumbani, narudi kwangu Levolosi nimechoka mpaka kwenye mifupa, mtu wa namna hiyo anahitaji chombo chake, jambo jepesi, ila jambo jepesi lingekuwa limekwisha tangu tulipoingia humu.

"Baba Abdiel, chukua nyekundu," anasema Sabina, mtoto wetu wa kwanza tulimpa jina la babu yake kama ilivyo kwetu Wameru, kwa hiyo kila mke wangu anaponiita anamtaja marehemu bila kukusudia, na sijawahi kumwambia jinsi ninavyoshtuka, "hii nyeusi utaonekana mwinjilisti anafuatilia sadaka za watu," "Mama, usimwonee," anadaka Sefu, "lakini kweli, hii nyekundu akipita nayo Kwa Mrombo kwenye nyama choma, nyama zinajigeuza zenyewe jikoni zimtazame," "Zimtazame tu, mimi huko nyuma sipandi ng'o, tazama kiti chenyewe, kama kibao cha mbuzi kimesimikwa juu ya mti," na wanacheka tena, wanaelewana hawa, wangeweza kuninunulia wao nikabaki nje natazama mawingu yaliyouvika mlima… hakuwa mwinjilisti, baba, alikuwa bwana mifugo, vijiji vyote vya chini vilimjua, bwana Abdiel, alibeba mtungi wa kuhifadhia mbegu za madume nyuma ya pikipiki ya ofisi, umefungwa kwa mpira wa tairi, ukiufungua unatoa moshi wa baridi kama pumzi ya mtu wa asubuhi, na wengine waliouona moshi ule walisema yule hana ng'ombe mle, ana jini, naye aliwaacha waseme, pikipiki yenyewe ilikuwa na taa ya mviringo, tangi la mviringo, kiti bapa, kila kitu juu yake kilikuwa duara au bapa kama mchoro wa mtoto, na mlio wake ulikuwa wa taratibu, mzito, tulikuwa tunausikia tangu barabara ya lami, unakaribia, unakaribia, kisha akifika juu kanisani, mahali mteremko unapoanza, anazima. Alizima kila siku. Mteremko tumepewa bure, alikuwa akisema, na mafuta ya serikali nayo ni mafuta, kwa hiyo kutoka kanisani mpaka kwetu alikuja akiserereka, kimya, na taa ya pikipiki ile iliishi kwa injini, injini ikifa na taa inakufa, kwa hiyo alikuja gizani, bila sauti, bila mwanga, na nyumbani tulimjua kwa ukimya huo, mtu mwingine angesubiri mlio, sisi tulisubiri mlio ukome, ukikoma tu mama anaipua maharage anabandika maji yake ya kuoga, anasema, "Amezima pale juu," na mimi natoka kwenda kufungua lango, ilikuwa kazi yangu ile, nashika lango la miti nasikiliza, mpaka changarawe inaanza kusema chini ya magurudumu, kwanza mbali, kama mtu anatafuna bisi, kisha karibu, kisha kivuli chake kinanipita, ananigusa kichwa bila kusimama, na mama anatokea mlangoni, "Umekawia," hata kama hakukawia, na yeye, "Nimefika," basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote ya mapenzi niliyowahi kuyasikia.

"Mwalimu, nikuwashie usikie?" ngoja, Sefu, ngoja kidogo, namwambia bado naangalia, "Angalia, angalia, macho hayalipiwi," anajibu… na siku ile alizima kama kawaida. Tulisikia wote. Mama alisema amezima pale juu, maji yakabandikwa, nikaenda langoni, nikafungua, nikashika, na changarawe haikusema kitu, nilisimama, kulikuwa na vyura mferejini na mtu mbali anaita mbuzi, nilisimama na mkono juu ya ule mti uliolainishwa na mikono yetu, na hakuna aliyetoka kwenda kutazama, kwa nini atoke, ukimya kwetu ulikuwa habari njema, ukimya ndio ulikuwa baba mwenyewe anakuja, nyumba nyingine ingeogopa, sisi tulipanga sahani. Wanakwaya waliokuwa wanarudi kutoka mazoezini ndio walimkuta, hatua chache tu chini ya kanisa, pikipiki imesimamishwa vizuri kwenye stendi yake, mtungi umefungwa, na yeye ameketi ameegemea ukingo wa barabara kama mtu anayefungua kiatu, moyo, walisema hospitali, na walimpeleka huko kwa barabara ya juu, pikipiki nayo ikachukuliwa na ofisi kesho yake kwa barabara hiyohiyo ya juu, na siku ya mazishi mvua ilikuwa imeharibu mteremko, gari la jeneza likazungukia chini, njia ya mtoni, kwa hiyo ukifikiri vizuri, na mimi nimefikiri miaka yote hii nikiwa nasahihisha madaftari, nikiwa nanyoa ndevu, baba hakuwahi kumaliza kuteremka. Alizima. Hajafika… na bodaboda wa siku hizi nao wanazima pale, vijana wa watu, wanabana matumizi kama yeye, nami huwa nawapiga begani, usizime kaka, shuka nayo hivyohivyo, wananiona mzee wa ajabu, "Mzee baba, unaogopa nini, breki zipo," nawaambia moto uwake tu, nitaongeza ya mafuta.

"Anafikiria nini huyu?" anauliza Sefu, anamuuliza Sabina kana kwamba mimi ni mtoto kwa daktari, "Mwache, ndivyo alivyo, hata chumvi anaifikiria," na simu inatetema mfukoni, najua ni Sia, binti wa shangazi anayekaa na mama, alinipigia alfajiri akilia, kaka, ameunguza sufuria nyingine, na safari hii kanga imeshika moto, nimeizima kwa maji ya kuku, sijui nitaweza mpaka lini, maana mama siku hizi kila jioni anabandika maji, anakaa kwenye kigoda anasikiliza, maji yanachemka, yanakauka, sufuria inapiga weusi, ukitaka kuipua anakushika mkono kwa nguvu ambayo hujui anaitoa wapi, "Acha, amezima pale juu," na mimi nikiingia ananikaribisha kwa heshima, sijui leo atanifanya nani, juzi nilikuwa bwana afya, jana nilikuwa mgeni kutoka dayosisi, "Karibu mwalimu," hilo la mwalimu analipata wapi wakati jina langu hana, "keti, mwenye nyumba yuko njiani, hakawii," naketi, naambiwa ningoje, na tunangoja, mama na mimi, tunamngoja baba, na kuna jioni, simwambii Sabina haya, kuna jioni nimejikuta nimetega sikio kweli.

Kwa hiyo ndiyo hii nyeusi. Nilipoiona dirishani wiki iliyopita nikasema naweza, nikija nayo, mlio ule, taa ile, nikivaa koti la kaki, macho yake yenyewe hayaoni vizuri, atasema umekawia, nitasema nimefika, atampata mumewe kila jioni mpaka mwisho wake na sufuria hazitaungua tena, ni nani ataumia, hakuna, ila mtoto wake mmoja aitwaye Elinami, mimi, ambaye hatafika tena katika nyumba ile, maana mtu akishamfikia mama yake kwa jina la mwingine atarudi vipi kwa lake… ama nyekundu, nyekundu haina mtu ndani yake, ina sauti ya nyuki aliyekasirika, nikifika nayo mama atajua huyu ni mwingine, si yule, ataendelea kungoja na mimi nitaendelea kuwa bwana afya, lakini nitakuwa mimi, je kuna ukweli gani katika kuwa mimi mbele ya mtu asiyenijua, na kuna uongo gani katika kumpa maskini anachokililia, sijui, nimesoma vitabu vingi na sikumbuki hata kimoja kilichokuwa na ukurasa wa jambo hili, "Basi nakuwashia zote mbili," anasema Sefu, amechoka kungoja, anabonyeza, nyeusi inaamka chini ya mkono wangu, na ee Mungu, ni karibu, si yenyewe, ni karibu, nzito, ya taratibu, inapanda kwenye kifundo cha mkono mpaka begani, Sabina ananitazama, "Baba Abdiel, vipi?" na sijui ananiita mimi, kisha nyekundu nayo inawashwa, inalia juu, kali, sauti zinagongana chini ya bati, moshi unajaa, naona midomo ya Sefu inasifia kitu nisichokisikia, na kutoka chumba cha ndani mwenye duka anapaza, "We Sefu! Unataka kutukausha kama samaki? Zima hizo!" na Sefu anazima, moja, na nyingine.

Na ukimya unaingia.

Unaingia kama ule, ule hasa, masikio yangu yamebaki wazi kama lango, na katikati ya barabara hii yenye honi na wauza maembe nasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria, wazi kabisa, na ndipo ninapoona, ndiyo, ndivyo ilivyo, nimekuwa mjinga wa kupigania milio, mama hangoji mlio, mlio ameshausikia, aliusikia zamani, ukakoma, hakosi injini yule, amekwama ndani ya hiki kinachofuata, amekaa kwenye kigoda chake ndani ya kimya kilekile cha jioni ileile na anachongoja ni changarawe, na pikipiki mbili hizi mbele yangu zikiwa zimezimwa hazina tofauti, hazina zamani wala sasa, ni uzito tu unaoweza kuteremka, basi jioni ya leo nikifika pale juu kanisani nitageuza ufunguo, mimi ninayewapiga watu mabegani wasizime, nitazima, na taa nitaizima, nitaachia breki, nitaingia mwenyewe ndani ya kile kimya ambacho sijakiingia tangu nilipokuwa na urefu wa lango, na ninaogopa, kwa sababu najua mahali penyewe, hatua chache chini ya kanisa, ukingoni, baba ameketi kama mtu anayefungua kiatu, na nitakapopunguza mwendo pale, maana nitapunguza, nitauhisi ule uzito ukipanda, chombo kikishuka kidogo nyuma kama kinavyoshuka mtu mzima anapokaa, na sitageuka, sitasema kitu, nitateremka naye mpaka changarawe ianze, mpaka mlangoni, na mama akisema umekawia sitahitaji kuwa yeye, wala kujibu kwa niaba yake, nitakuwa tu yule mtoto aliyeshika lango, amechoka kushika, ameamua kupanda kwenda kumchukua…

"Basi mwalimu," anasema Sefu, anafuta mikono kwa kitambaa, "tumeafikiana ipi?" na Sabina anasema mwache afikirie, na mlima bado haujavua mawingu, na mimi bado nimesimama palepale nilipokuwa, ila mkono wangu umehama, uko nyuma, juu ya kile kiti kirefu cha nyeusi, unapima kama nafasi itatosha.